Nilimzimia Bibi upepo

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke, kwa sababu hili sijamwambia mtu yeyote, si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: nimemdanganya bibi yangu kuhusu anga, na sasa amekata shauri la kupanda ndege.

Mimi ni msichana wa sekondari, siongei sana, shuleni wananiita Bubu, lakini nyumbani nina mchezo wa urubani kwenye kompyuta ya zamani aliyonipa mjomba, ambaye ni fundi wa kompyuta, na nikikaa pale na usukani wangu wa plastiki naongea mpaka mama anauliza niko na nani. Mjomba aliniwekea programu mbili za hali ya hewa, zile unazoziongeza juu ya mchezo ili anga lifanane na la kweli, akasema nizilinganishe nimwambie ipi bora. Ya kwanza inachukua taarifa kutoka viwanja vya ndege vyenyewe, kwa hiyo mvua ikinyesha huko na kwenye kioo chako inanyesha, upepo unabadilika kadiri unavyopanda, ndege inayumba, ila kompyuta inanguruma kama mashine ya kusaga na mara nyingine mawingu yote yanatoweka ghafla yanakuja mengine. Ya pili ni nyepesi, unajichagulia anga kama unavyochagua kitambaa dukani, mawingu yake mazuri lakini yote sura moja, na upepo ukiuzima umezimika, ndege inateleza kama iko juu ya sabuni.

Sasa bibi. Tunaishi naye, alikuwa fundi wa kushona magodoro na mito, na dada yake mkubwa yuko mbali, siku mbili kwa basi, mgongo wa bibi hauliwezi tena basi na miguu ya dada yake haiwezi tena chochote, kwa hiyo wanapigiana simu wanalia, halafu kila mmoja anamsingizia mwenzake kuwa ndiye aliyeanza. Mama akitaja ndege, bibi anajibu, "Ndege aliyeumbwa na Mungu ana manyoya. Hii yenu ina misumari."

Basi siku moja akaja chumbani, akavuta kiti, akasema, "Haya mke mwenzangu, nipeleke kwa dada yangu." Nikaruka na ile programu ya kwanza, tukaingia kwenye wingu, ndege ikaanza kuinama huku na huku, bibi akanishika mkono kwa nguvu, akasema anaenda kutazama sufuria jikoni, na jikoni hakukuwa na sufuria.

Kesho yake nikaweka ya pili, nikazima upepo wote.

"Hii ndiyo hali ya leo huko juu?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Mshauri, nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Na ule mtikisiko wa jana?"

Nikamwambia ilikuwa hitilafu ya mchezo, ndege za kweli hazitikisiki. Tangu hapo tunaruka kila jioni, anajifunga kwenye kiti kwa mtandio wake kama mkanda, ananiambia, "Taratibu, rubani, abiria wako mzee." Sauti ya mchezo ikisema kitu kwa Kiingereza ananiuliza anasemaje huyo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma kwa lugha mbili, nasema, "Anasema anga shwari, bibi," hata kama kasema lingine kabisa.

Juzi akamwambia mama, "Nikatie tiketi." Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Bibi atasafiri peke yake, mimi nina mitihani, na kila nikifumba macho naona ndege inatikisika, bibi yuko katikati ya watu asiowajua, anadhani imeharibika, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ndege nzima haitikisiki. Nikimwambia ukweli hatapanda, na dada yake si wa kusubirishwa tena. Nifanye nini? Nimeandika yote haya nikiwa nimefunika karatasi kwa atlasi, na sasa nasikia kandambili za bibi zinakuja, na atlasi nimeiondoa juu ya karatasi, nimeiweka chini.

Wako,
Rubani wa Mezani

*

Mwanangu Rubani,

Kama bibi aliisoma barua yako, sehemu ngumu imepita. Kama alipita zake, soma hapa, halafu inuka.

Pole. Umekosea kama wanavyokosea wanaopenda. Lakini umekosea, mwanangu. Ulimpaka bibi mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu mzima alikuomba umpeleke kwa dada yake, nawe ukaamua peke yako ni ukweli kiasi gani anaweza kuumeza. Nani alikupa kazi hiyo?

Leo, kabla ya chakula cha jioni, zima kompyuta ukae naye. Sema, "Bibi, ndege za kweli hutikisika, na mimi nilizima upepo." Usiongeze "lakini". Atakununia, pengine siku nzima. Wewe ni mtu wa kimya, unajua kimya hakiui.

Akishapoa, muulize kama anataka kuuona huo upepo. Akikubali, weka ile programu ya kwanza siku yenye upepo wa wastani, na usukani umpe yeye, maana aliyeshika usukani haogopi kama aliyebebwa. Ikiyumba mwambie ni hewa, ni kama basi kwenye barabara ya mashimo. Mwambie pia kwamba rubani wa kweli akiona wingu baya hulizunguka. Wewe huingia katikati kwa sababu unataka kulitazama. Ile sauti itafsiri yote. Na mama amtafutie safari ya asubuhi na kiti karibu na bawa, ambako mtikisiko ni mdogo, amwambie mhudumu kuwa ni mara yake ya kwanza.

Akisema hapandi, hapandi, na mama utamweleza wewe mwenyewe sababu. Ila sidhani. Mtu anayejifunga kwenye kiti kwa mtandio kila jioni hajafuata mchezo, anamtaka dada yake.

Mjomba mjibu hivi: ya pili ni ya kupumzikia, ya kwanza ni ya kumwandaa msafiri.

Mwandae, mwanangu. Nataka siku hiyo ndege ikitikisika, kijana wa kiti cha jirani, aliyevaa suti, akikamata kiti kwa mikono miwili, bibi yako amguse bega amwambie, "Tulia, baba. Ni upepo tu. Mjukuu wangu alinionyesha."