Moto Uliozibwa Vizuri

San Pedro, 3 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila jangwa limenipasua midomo.

Nachunguza galaksi mbili zinazogongana. Moja inang'aa, nyingine imegubikwa na vumbi, haionekani. Zinatoa joto la ajabu, na hakuna ajuaye chanzo chake. Mimi nasema kimefichwa kwenye vumbi. Mkuu wangu, Dakta Irarrázaval, alinicheka mbele ya wenzangu: "Dada, pafukapo moshi pana moto. Chanzo ni ile inayong'aa." Nimepewa saa nne tu za darubini. Nikikosea, mkataba wangu hauongezwi, na nitarudi huko kwetu Chiloé kuokota kome ufukweni. Naogopa, mama.

Mwanao,
Yasna

Achao, 15 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Goti linanung'unika, mvua haikatiki, tupo.

Huyo mkuu wako hajawahi kupika curanto, kome na nyama shimoni juu ya mawe ya moto! Umesahau harusi ya Marisol? Mjomba wako Eleuterio, na kiherehere chake, alikimbilia kufukua shimo pale mvuke ulipokuwa unafuka. Akatoa kome wabichi! Mvuke hutoka pale madongo ya nyasi yanayofunika shimo yalipopangwa ovyo. Mawe ya moto hasa yako palipozibwa vizuri, kimya. Utayajuaje? Weka kiganja juu ya udongo.

Nyie darubini yenu haina kiganja cha kuhisi joto? Basi kiweke juu ya vumbi. Na kome niachie mimi, wewe tangu utotoni ulikuwa mvivu wa kuokota.

Mama yako,
Herminda

San Pedro, 9 Juni

Mama,

Shikamoo, shikamoo! Nimeweka kiganja!

Darubini yetu huhisi joto linalopenya vumbi. Ile inayong'aa ni vuguvugu tu. Sehemu nane kati ya kumi za joto lote zinatoka vumbini, kwenye kidoa kimoja ambamo nyota zinazaliwa kwa fujo. Dakta alitazama picha, akauliza nani alinifundisha. Nikamsimulia kisa cha mjomba. Alicheka mpaka machozi, akasaini mkataba wa miaka mitatu. Ile inayong'aa sasa tunaiita Eleuterio. Dakta anataka kuja kula curanto.

Nimelia kwa furaha, mama.

Mwanao,
Yasna

Achao, 20 Juni

Yasna wangu,

Marahaba, na vigelegele juu! Nimesoma barua yako kwa sauti kwenye kivuko, abiria wakapiga makofi. Eleuterio anatembea kifua mbele kwamba ana galaksi. Sijamwambia ni ipi.

Mlete Dakta mwezi wa Februari. Shimo atalifukua yeye. Mimi nitakaa kimya, nione anaanzia wapi.

Mama yako