Kifaa Kilichosikiliza Karakana ya Mjomba

2 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi ni mzima kama chuma nilichochomelea mwenyewe. Sijui kama huko chuoni wameshakwambia, lakini umeme wa mtaa huu unaishi kwa huruma yangu. Nikiwasha mashine zangu tatu kwa pamoja, taa za barabara nzima zinainama kunisalimia, na watu wa shirika la umeme wameshakuja kuniomba kwa upole nipumzike jioni ili wagonjwa hospitalini wapate mwanga.

Kifaa chako nimekipokea. Nimekibana kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye mita, kama ulivyonichorea. Eti kikae pale tu, kisikilize umeme unavyopita, halafu chenyewe kitaje ni mashine gani zinawaka humu ndani. Angeniambia mtu mwingine ningemfukuza. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na akili hizo umezitoa upande wetu. Memori kadi yake ikijaa nitampa dereva wa basi akuletee. Habari za simu sizitaki, maneno ya simu hayana mhuri.

Nisalimie maprofesa, waambie wakikwama wanitafute.

Mjomba wako,
Mkurugenzi Mkuu wa Karakana

9 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili mzima, ila usingizi umenihama.

Kadi imefika. Niliifungua mbele ya msimamizi wangu, nikijua siku hiyo ni yangu. Kifaa kimesema karakanani kwako kuna taa moja, redio moja, na kila asubuhi draya ya nywele. Basi. Mashine ya kuchomelea hakuna hata ya dawa. Msimamizi akavua miwani, akaipangusa, akaniuliza, "Mjomba wako anachomelea chuma au anasuka watu?" Maabara yote ikacheka, na mimi nikacheka nao nisije nikalia.

Mjomba, tasnifu yangu yote imesimama juu ya jambo hili moja, kwamba kifaa kinatambua mashine nje ya maabara, mahali pa kazi pa kweli. Nilichagua kwako kwa sababu ulinihakikishia. Sasa wanataka uandike kwa mkono wako vilivyomo humo, walinganishe. Mwaka huu wenyewe ni wa nyongeza. Kifaa kikikataliwa naondoka bila shahada.

Mpwa wako

15 Machi

Mpwa wangu,

Salamu za afya zote unazozijua. Barua yako nimeisoma nimesimama, kiti kilinishinda. Draya ya nywele? Mimi? Nywele zenyewe zilizonibakia kichwani zinaitana kwa majina.

Mwonyeshe huyo mwenye miwani: ziko mashine tatu za kuchomelea, moja ya kukata, na moja ya kukereza chuma ambayo tuko wawili tu tulioweza kuiendesha, na mwenzangu ni marehemu. Nimetia sahihi na mhuri, na mhuri nimeugonga mara mbili asiseme hauonekani.

Ninavyoona mimi, umeme wangu ni mwingi mno na kifaa kimezibwa masikio. Mtu akipigiwa tarumbeta sikioni atamsikia nani? Tengeneza kingine chenye masikio makubwa.

Mjomba wako,
Mkurugenzi Mkuu

28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote huko.

Maneno yako ya masikio niliyachukua kwa uzito, maana kihisio, ndilo sikio la kifaa, kikipitishiwa umeme mwingi kuliko uwezo wake hukosea kweli. Ndiyo maana nilitengeneza kifaa cha pili nikakutumia. Kadi yake nimeisoma jana. Taa, redio, draya.

Hapa chuoni ninacho cha tatu kama hivyo, nakijaribu kwa mashine zote za karakana ya wanafunzi na kinazitaja moja moja bila kusitasita. Vinakosea kwako tu. Jopo la watahini liliweka majibu ya kifaa mezani na barua yako yenye mihuri pembeni, wakasema mwenye karakana ndiye anayejua mashine zake. Ningebisha vipi? Hata mimi nakuamini wewe.

Mama akiuliza namwambia mambo yanakwenda vizuri. Nimeanza kumdanganya mama yangu, mjomba. Tafadhali nisaidie kufikiri. Kuna siku ambazo mashine hazikuwaka? Au labda zinapata umeme kwa waya mwingine?

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa wangu,

Salamu sana. Umesema kweli, na hapo ndipo ninapoiona damu yetu. Waya mwingine. Mashine zangu zina waya wake mnene kama mkono wangu wa kulia, unapita chini ya ardhi, nami nikaufunika kwa saruji dhidi ya wezi. Kwa wingi wa shughuli nilisahau kukutajia. Waambie hivyo na mambo yamekwisha.

Usihangaike kuja kutazama. Nitakuwa safarini, kuna daraja limepinda na wahandisi wake wamesema bila mimi hawaligusi.

Mjomba wako,
Mkurugenzi

11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili baada ya barua yako ya waya wa chini na sikupata jibu. Nadhani daraja limekuchelewesha.

Jopo liliniomba mchoro wa waya huo. Sikuwa nao. Mmoja akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza, kwamba si kila anayejua kukokotoa ana mkono wa uhandisi. Nikarudi maabara nikafuta sehemu ya programu inayotambua draya, maana ndiyo inayonidhalilisha. Nilipoifuta, kifaa kikaanza kukosea hata taa. Nikairudisha. Hesabu zangu nimezipitia mpaka namba zinanichezea ukutani, na kosa silioni. Mtu asiyeliona kosa lake mwenyewe atawatengenezea watu nini?

Nimeandika barua ya kujitoa masomoni. Ijumaa naipeleka ofisini. Siwezi tena kula na wenzangu, nikiingia mtu anauliza habari za saluni ya mjomba. Asante kwa kunivumilia na vifaa vyangu. Vibandue, uvitupe. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata pa kuanzia.

Mpwa wako

13 Juni

Mpwa wangu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Barua ya kujitoa usiipeleke. Hii ninayoiandika mpelekee huyo mwenye miwani, na umwombe aisome kwa sauti, wale waliocheka wawepo.

Mimi mwenye sahihi hapa chini ninasema kwamba karakana niliyoitaja si karakana. Ni chumba kimoja cha kuhifadhia viti vya plastiki ambavyo watu hukodi wakiwa na shughuli. Viti ni vingi, hilo mliandike, hakuna mtaa huu mwenye viti kama vyangu. Basi, liacheni hilo. Mashine ya kuchomelea sina na sikuwahi kuwa nayo. Ile ya kukereza chuma niliiona kwenye kalenda. Waya wa chini ya ardhi haupo, daraja halipo, mita ni moja na waya unaotoka humo ni ule ule uliobanwa kifaa. Taa ni moja, iko juu ya mlango. Redio ni moja. Anayebisha aje atazame, ufunguo nitampa mkononi.

Barua zako mbili nilizipata. Nilizisoma nikazirudisha kwenye bahasha, nikajiambia mtoto mwenye akili kama wewe hawezi kukosa njia. Nilikuwa nangoja uipate, nisilazimike kuandika haya. Mara moja nilikwenda kwa fundi wa mtaa wa pili kumwomba mashine yake siku moja tu, niiwashe, kifaa kiisikie. Akaniuliza naitaka ya nini, nikamwambia mimi ndiye ninayewafundisha wanaofundisha watu kama yeye. Akanifungia mlango.

Mpwa wangu, kosa hulioni kwa sababu halipo. Kifaa kimesema kilichokuwepo, tangu siku ya kwanza, wakati mimi natia mihuri. Mama yako mimi nitamwambia, nikitoka stendi. Barua hii namkabidhi dereva mwenyewe, na nitasimama pale mpaka basi liondoke.

Limebaki jambo moja, maana najua wataulizana, na ukiliacha bila jibu watasema kifaa kilibahatisha. Nilikwambia nywele zangu zinaitana kwa majina. Sikukwambia kwamba zote ni nyeupe. Nazipaka rangi nyeusi ile ya bei ya chini, inayotoka kwa jasho, kwa hiyo kila asubuhi nafunga mlango, napaka upya, nazikausha isije ikachuruzika kwenye kola mbele ya wateja.

Draya ninayo. Ni ya rangi ya waridi.

Mjomba