Mkono Ulio Begani kwa Baba

Chang'ombe, Dar es Salaam
Jumatatu asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza imekukuta bado unatafuta miwani. Kaa chini kwanza. Sogea mlangoni kwenye mwanga, usisomee jikoni kwenye moshi. Na usimpe Mjomba Gaudensi akusomee, kwa sababu kaka yako akisoma barua kijiji kizima kinasikia, na haya ni ya kwangu na wewe.

Goti linaendeleaje? Dada Vero ananiambia umeanza kushika ukuta ukiinuka, halafu nikikuuliza wewe unasema goti ni zima, ni dada tu na maneno yake. Na kikohozi? Najua baridi ya huko Mbinga ikishuka inamwingia mtu mpaka kwenye mifupa. Huku mie (ndiyo, nasema mie siku hizi, cheka tu) sikumbuki hata sweta langu lilipo. Joto la huku unaoga, unajifuta, na jasho linaendelea pale pale lilipoishia. Lakini mzima. Nakula, nalala, na Jumapili nawahi misa ya kwanza kwa sababu baada ya hapo ni kazi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nikitamka tu neno picha, mtandao wa huko kwetu unaharibika hapo hapo. "Haloo? Haloo? Skola, sikusikii." Kisha unakata. Mara ya mwisho hukubonyeza vizuri, nikakusikia unamwambia dada, "Ameanza tena huyu." Mama! Nilicheka mpaka mwenye nyumba akachungulia dirishani. Halafu nikakaa kitandani nikalia kidogo, sitakuficha. Barua haikatiki, ndiyo maana nimeandika barua.

Kazi ni ile ile, napiga watu picha kwenye bustani. Najua bado unashangaa mtu avae viatu vyake vizuri, atoke kote huko Kinyerezi, aje kupigwa picha kwenye majani. Ungesema majani si yapo nyuma ya nyumba. Huku hayapo, mama. Huku nyuma ya nyumba kuna nyumba ya mtu mwingine. Kwa hiyo wanakuja Kinondoni kwenye bustani ya manispaa, kibao kimeandikwa usikanyage majani, nao wamekuja kwa ajili ya majani hayo hayo.

Wahitimu wanakuja na majoho. Kila mmoja anataka arushe kofia juu nami niinase ikiwa hewani. Anarusha, kofia inakwama kwenye mti, tunabaki tunaurushia mti ndala. Familia zinakuja zimeshona sare, kitenge kimoja kuanzia baba mpaka mtoto mchanga. Kina mama wananinong'oneza, "Sista, hili tumbo utalipunguza?" Kina baba hawanong'onezi, wanabana pumzi tu mpaka nimalize. Mwanzoni mlinzi wa bustani alinisumbua sana, kila nikitoa kamera anauliza kibali kiko wapi. Nikampiga moja amekunja mikono kifuani na kofia yake ya kazi, nikamsafishia, nikampa. Sasa ananishikia nafasi penye kivuli.

Usidhani ni raha tupu. Mvua ikinyesha Jumamosi, wiki yangu imeisha hiyo. Jua la mchana linafanya macho ya watu yawe mashimo, inabidi nisubiri jioni, na nikirudi nyumbani miguu imevimba. Lakini hayo nimeyazoea. Kinachonichosha ni mama za watu.

Kila wiki nashika kidevu cha mama wa mtu. Mama, inua uso kidogo. Mama, nitazame mimi. Wananitazama, nazijua nyuso zao mpaka mikunjo. Halafu nikirudi chumbani nikifumba macho nikutafute wewe, nakupata vipande vipande. Napata mwanya. Napata unavyokaza kilemba kabla ya kwenda kanisani. Napata pua. Nikivitaka vikae pamoja vinakataa, naogopa. Misimu miwili ya kahawa imepita sijaja, na uso wako umeanza kunitoka, mama. Nimeandika, na imeniuma kuandika.

Sasa nikueleze lililotokea Jumamosi.

Unajua, wazee wa bara walioko huku wapo kama wewe. Uwapige na wajukuu, wanacheka. Uwapige na watoto wote, sawa. Mwambie mmoja, "Haya babu, sasa moja ya peke yako," uso unajifunga. Wanajua picha ya mzee peke yake inaendaga wapi: inatiwa kwenye fremu, fremu anashikishwa mjukuu, mjukuu anatembea mbele ya jeneza. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa kwetu kabisa, aliwauliza wanawe mbele yangu, "Nyie mnanisindikiza wapi?" Wanawe wakaanza kulaumiana ni nani alileta wazo. Nikabaki na picha ya watu waliovaa sare na kununa. Tangu siku hiyo mzee simpigi peke yake, wala neno hilo silitamki.

Basi Jumamosi ikaja familia ya Bi Shamsa. Ni watu wa Temeke, wenye asili ya Kiarabu, wana duka la vitambaa tangu enzi za babu yao. Bi Shamsa ndiye bibi wa wote. Walimkalisha katikati kwenye kiti cha plastiki, baibui jeusi, hina mpaka kwenye kucha, na ulimi wake, mama, mngepatana. Nikampiga na wanawe. Nikampiga na wakwe, na wajukuu, na yule mjukuu aliyehitimu na joho lake. Nikashukuru, nikaanza kufunga vifaa.

"We binti," akaniita. "Njoo hapa. Mie nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, bibi."

"Huyu umempiga peke yake. Yule umempiga peke yake. Mpaka huyu kikojozi umempiga peke yake. Mie unaniruka. Mie mbaya?"

Watu wote wananitazama. Nikaona bora niseme. "Bibi, niliogopa. Kwetu wazee hawapendi. Wanasema ni ya kubeba."

"Ya kubeba wapi?"

"Msibani. Mbele ya jeneza."

Mama, bibi yule alicheka mpaka mtandio ukamteleza. "Masikini! Sie hatubebewi picha, mwanangu. Sie tunawahishwa haraka haraka, wewe na kamera yako hata usingefika. Hebu nipige!"

Nikampiga. Hakutaka kuambiwa akae vipi, alikaa mwenyewe, shingo imenyooka. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, akaishika kwa mikono miwili. Akaniambia ana mdogo wake yuko Pemba. Magoti ya mdogo wake mabovu, na yake mabovu, hakuna wa kupanda boti kumfuata mwenzake.

"Kwenye simu nasikia sauti," akasema, "na sauti yake haizeeki, muongo yule. Nataka anione mie nilivyozeeka, na yeye aniletee uso wake. Tukae tuangaliane."

Halafu akanigeukia. "Na mama yako umempiga?"

"Hataki, bibi."

"Sasa unamwonaje?"

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha pekee niliyo nayo, na wewe unaijua.

Ni ile ya baba. Hiyo hapo ukutani juu ya redio. Nami niliipiga picha pale pale ukutani, nikaisafisha, nimeitundika juu ya kitanda changu. Baba na koti lake la kijivu, anatazama mbele kama aliyeitwa na mkuu wa wilaya, na begani kwake kuna mkono. Vidole vinne na kipande cha kiganja, halafu picha inaishia. Kila anayeingia chumbani kwangu anauliza, mkono wa nani huo? Nasema wa mama.

Bi Shamsa akaisogeza karibu na macho. "Na mwenyewe yuko wapi?"

Nikamweleza. Siku tuliyomzika baba hatukuwa na picha yake nyingine ila ile kubwa mliyopigwa wote wawili kwenye jubilei ya ndoa yenu. Watu wameshajaa uani, fremu imeshaletwa, padri anaulizia. Ukaichukua ile picha ukaingia nayo ndani, na mkasi. Ulisema aliye hai habebwi makaburini pamoja na marehemu, ni uchuro. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mama, nilikuona ukijikata. Mkasi ulipofika kwenye mkono ukasita, kwa sababu kuukata mkono ilikuwa kumkata baba bega. Ukauacha. Kipande chenye wewe ukakitia mafigani, kikajikunja, kikaisha.

Kwa hiyo mkono wako ulikwenda na baba mpaka kaburini, ukarudi na fremu. Na tangu hapo ukitajiwa kamera una jibu lako moja: "Mkono umeshatangulia. Na uso nao mnautakia nini?" Watu wanaangua kicheko, na wewe unacheka nao. Mimi hilo halijawahi kunichekesha.

Nilidhani Bi Shamsa naye atacheka. Hakucheka. Alisema tu, "Mkono wenyewe mzuri," akanirudishia simu, akawaita wajukuu wamnyanyue. Nilitaka aseme zaidi, lakini jua lilikuwa linazama na watoto wanadai chipsi.

Jana, baada ya kumaliza kazi zangu, nikaishusha ile fremu, nikaisogeza dirishani. Miaka yote hii nimeitazama kama mtu anavyotazama kalenda. Jana niliitazama kama ninavyotazama picha za wateja. Vidole vyako vimekaza. Koti la baba limekunjana chini ya vidole. Hukuwa umeweka mkono pale kwa ajili ya picha, mama, ulikuwa umemshika. Na mimi ulinishika hivyo hivyo stendi siku naondoka, kondakta anapiga bati, wewe hujaniachia mkono wa gauni. Nikaikumbuka ile nguvu. Uso bado haukuja. Nililia kwa sauti, mwenye nyumba safari hii hakuchungulia.

Nimekukumbuka, mama. Nimekumbuka hata unavyonigombeza. Nikila ugali wa huku naulaumu bure, kosa lake ni kwamba hukuusonga wewe.

Nakuja. Kahawa ikianza kuiva nitakuwa hapo, wateja nimeshawaambia watafute mtu mwingine kwa muda. Kondakta aliyekuletea barua hii amebeba na mfuko: humo mna dawa ya kuchua goti, uchue jioni, usiwagawie majirani. Khanga mbili ni zako, ile yenye maua ni ya dada Vero, na umwambie nashukuru kwa kulala na wewe kipindi hiki cha baridi. Mjomba Gaudensi, mshika simu na msemaji wa familia, mpe shikamoo yangu, lakini haya usimwambie. Shangazi Teodora anayekuuzia ndizi kwa mkopo na kukudai kwa kelele, msalimie naye. Na katekista wetu aniombee, mwambie misa siachi.

Sasa nisikilize kabla hujanuna. Nakuja na kamera. Nimesema wazi, nisije nikaonekana nakutega. Lakini sikupigi peke yako, hata ungenibembeleza. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema picha yenye aliye hai haibebwi makaburini. Haya, nimelishika neno lako. Tutakwenda nyuma ya nyumba, kwenye majani yako ya bure, jioni mwanga ukishalegea. Utakaa kwenye kigoda. Kinu nitakipindua, kamera nitaiweka juu yake, niitegeshe ijipige yenyewe, nikimbie nije.

Na sitakaa pembeni yako. Pembeni ndiko alikokaa baba, na ndiko mkasi ulikopita. Nitakaa chini, mbele yako, kichwa changu kifuani kwako, na wewe unizungushie mikono yote miwili, unikaze kama ulivyomkaza yeye. Usilegeze mpaka kamera ilie. Nataka siku yoyote mtu akiingia ndani na mkasi aizungushe ile picha huku na huku, akose pa kuanzia.

Mimi mwanao,
Skola