Supu ya Saa Kumi

Kando ya Mto Loire,
Jumatatu ya Pasaka

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu tele. Natumai goti limepoa na kuku wanataga. Mimi mwili mzima. Moyo ndio uko kifungoni, na leo nitakueleza kwa nini hukuniona jana, na mwanakondoo ulishamwoka.

Kazi yangu unaijua: kupandisha na kushusha nguvu za kinu cha nyuklia kadiri watu wanavyotumia umeme. Mchana jua linazalisha umeme juu ya mapaa, tunaambiwa tushushe. Jioni Wafaransa wote wanawasha majiko kwa pamoja, tunaambiwa tupandishe. Sisi ni watumwa wa sufuria za watu.

Alhamisi tuligoma. Mgomo wetu hauna mabango: tunashusha umeme, kisha tunabaki palepale kwenye vitufe, maana kinu hakiachwi peke yake. Mgomaji gani huyo asiyeweza kutoka mlangoni! Nilimwonya Thibaut, mwenzangu wa zamu, kwamba urani, kuni ya kinu chetu, inakaribia kwisha, tusishushe mno. Akanicheka: “Odile, unagoma au unabembeleza? Shusha, dada, wakubwa wasikie!” Tukashusha.

Ijumaa wakubwa wakakubali madai yetu. Tulipotaka kupandisha, kinu nacho kikagoma. Nguvu zikishushwa, ndani yake hujikusanya gesi inayozizuia kurudi. Urani mpya huishinda. Iliyochoka haiwezi, inabidi ungoje gesi iishe yenyewe. Tulikaa tukitazama mishale ya vipimo isiyosogea, na Thibaut hakucheka tena. Msimamizi wetu, Bwana Lemoigne, aliingia amefura, akasema kamba tumejifunga wenyewe. Akataka mmoja wetu abaki Pasaka yote, akipandishe polepole.

Nikakupigia simu kwamba nimezuiwa. Ukajibu tu, “Haya, mwanangu, kazi ni kazi.”

Jana jirani yako Ginette akanipigia. Anasema siku hizi unakula saa kumi alasiri, supu ya mchana iliyopoa, na jioni jiko huligusi. Alikuuliza kama umekatiwa umeme, ukamwambia unampunguzia Odile wako mzigo wa jioni.

Nimelia, Mama. Basi sikiliza: hakuna aliyenizuia. Thibaut alisema kosa ni lake, atabaki yeye, mimi niende kwa mama yangu. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Tangu tumzike Baba nakiogopa kile kiti chake cha jikoni. Humu hakuna dirisha, hakuna mchana wala usiku, lakini kiti cha Baba hakimo. Nilijiona nimekikimbia, kumbe nimekuachia wewe ukae nacho peke yako, na supu baridi.

Jumamosi nakuja, zamu yangu ataishika Thibaut, nimeshamwambia. Mpaka hapo nakuomba usinipunguzie mzigo. Washa jiko saa moja jioni, kama enzi za Baba. Nitakuwa kwenye vitufe, nikipandisha, nami nitajua kwamba katika wote wanaowasha majiko mmoja ni wewe.

Msalimie Ginette, umwambie asante. Nakubusu mashavu yote mawili.

Binti yako,
Odile