Kumngoja Gaudensi Aseme

Kijiji cha Kitaya,
S.L.P. 40,
Mtwara.

14 Septemba, 1976

Mpendwa mdogo wangu Magreth,

Hujambo huko Tabora? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kuwaficha walimu wako? Sisi huku ni wazima, isipokuwa shemeji yako Paulo anayesumbuliwa na jino, na sote tunasumbuliwa na Paulo. Korosho zimeanza kudondoka, kijiji kizima kinanukia mabibo.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikakasirika. Unasema mwanao Gaudensi uliyeniachia asipoanza kusema hadi Krismasi, utaacha masomo ya uuguzi urudi kumlea, kwa sababu mama mkwe wako amekuandikia kwamba mtoto amekuwa bubu kwa kuachwa na mama yake. Usifungashe kitu kwanza. Kuna mambo yametokea hapa.

Mwezi uliopita tulipata mgeni kutoka Chuo Kikuu, Ndugu Zainabu, msichana mwembamba mwenye miwani. Anachunguza jinsi watoto wadogo wanavyokua, na alitumwa kwenye hii chekechea yetu ya kijiji ninayoisimamia.

Unanijua. Siku ya kwanza niliwaogesha watoto wote, nikawapaka mafuta, nikawapanga mstari. Wakaimba, wakapiga makofi, wakataja rangi za bendera kwa sauti moja. Mgeni akashukuru sana, halafu akaniambia kwa adabu kwamba alichokuja kukiona hajakiona. Nilinuna hadi jioni.

Akaanza kwa kuwapima urefu na uzito. Kisha akawauliza kina mama kila mtoto alianza kutembea lini. Hapo ndipo palipokuwa na kazi! Hakuna mama aliyekubali mwanawe apitwe na wa jirani, na mwishowe ikaonekana watoto wa Kitaya wote hutembea kabla ya kuota meno. Baada ya hapo akawaita mmoja mmoja, akiwaonyesha picha na kuwauliza maswali. Gaudensi alitazama picha, akatazama miguu yake, basi. Roho iliniuma, Magreth. Nilikuona kabisa ukishuka kwenye basi na sanduku lako.

Nikamwuliza Ndugu Zainabu waziwazi kama mtoto ana kasoro. Akasema hawezi kujua kwa picha chache, maana watoto wengi hunyamaza wakiulizwa na mtu mzima wasiyemzoea, na wa huku tunawafundisha wenyewe wasiwe na mdomo mbele ya wakubwa. Akaomba kitu kimoja tu: aachwe akae pembeni, asiulizwe neno, wala asiletewe chai. Mgeni asiletewe chai! Nilikubali kwa shingo upande.

Basi akawa anakaa kwenye mkeka karibu na ukuta, siku baada ya siku, anaandika. Mwanzoni watoto walimzunguka kumshangaa, baadaye wakamchoka, wakarudi kwenye michezo yao. Humfuata mtoto mmoja kwa macho, kisha mwingine, na huandika yale tu aliyoyaona na kuyasikia. Anayoyawaza yeye anayaweka kando.

Wiki ya pili akanikonyeza nije taratibu nisimame nyuma ya mlango. Mwanao alikuwa ameshika boksi tupu, ndiye mwenye duka la kijiji, na wenzake wamepanga foleni. “Sukari imekwisha!” anawaambia, tena kwa lafudhi ya Kimakonde tupu. “Njooni Jumatatu. Na wewe, usisukume, nitafunga duka!” Nililia na kucheka kwa pamoja, ikabidi nijizibe mdomo kwa kanga.

Nikauliza, sasa mbona kwangu hasemi? Ndugu Zainabu akaona haya kidogo. “Dada Yustina, usinikasirikie,” akasema. “Unamwuliza kama ameshiba, na kabla hajafungua mdomo umeshamjibia kwamba ameshiba.” Paulo, aliyekuwa kibarazani, akadakia kwamba na yeye anangoja zamu yake tangu tufunge ndoa. Sikumwekea chai jioni ile.

Lakini ni kweli, nimejiangalia nikaona ni kweli. Ndugu Zainabu haahidi makubwa; amesema atarudi mwakani kuwaangalia watoto hawa hawa. Mimi kwa sasa ameniagiza nimwulize mtoto jambo moja, kisha nitulie nimngoje. Mama mkwe wako nitamwandikia mwenyewe.

Jana tulikuwa tunachambua kisamvu. Nikamwuliza mama yuko wapi, nikauma ulimi. Akanyofoa jani, akalitupa, akawatazama kuku. Nilikaribia kabisa kumjibia. Ndipo akasema, bila hata kuniangalia: “Anasoma kudunga sindano. Akimaliza atakuja. Mimi asinidunge.”

Umesikia, mdogo wangu? Ameshajipangia kukungoja hadi umalize. Usimharibie.

Josephu mumeo alikuja Jumamosi kutoka bandarini, anakusalimu sana na naye anasema soma. Paulo na jino lake wanakusalimu. Nisalimie Esta na wenzako wote wa bwenini. Mungu akutunze wodini na darasani, na akurudishe kwetu ukiwa na cheti mkononi.

Dada yako akupendaye, anayejifunza kunyamaza,

Yustina