Gari Nililoliosha Ziwani

Kisumu,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepona na umerudi kwenye lori lako la mkonge, na kikohozi cha Mama kimepungua. Mimi mwili ni mzima. Uso ndio sina wa kumwonyesha mtu, na nakuandikia kabla Mjomba, aliyenitafutia kazi hii, hajakufikishia habari kwa njia yake.

Unamkumbuka dereva wetu, Mzee Okello, niliyekuambia kwamba kila akisimamisha gari huzunguka akigusa magurudumu kwa mgongo wa mkono, kama wewe. Alikwenda kwao Siaya kumzika ndugu yake, akakaa majuma matatu. Funguo za gari kubwa la mradi nilibaki nazo mimi karani, zikae kwenye droo tu. Jumamosi ya kwanza nikazitoa. Ulinifundisha kuendesha kwenye barabara za mkongeni, lakini leseni sina. Nilizunguka mjini mpaka nikatosheka, kisha nikateremka ufukweni wanakooshea magari, nikaliingiza majini moja kwa moja kama wafanyavyo wenyeji, breki zikiwa bado na moto. Maji yakachemka kwenye magurudumu. Nilicheka. Nilitaka tu watu wanione nimeshika usukani. Nikalirudisha uani, na halikusogea tena mpaka Mzee aliporudi.

Siku hiyo tulitumwa Maseno: yeye, meneja, na mimi nyuma na mafaili. Kwenye mlima gari likawa linavuta kushoto, zito, kana kwamba linaburuta kitu. Harufu ya kuungua ikaingia. Mzee akasimama, akagusa gurudumu la mbele kulia. Akagusa la kushoto, akarudisha mkono haraka. Lilikuwa linatoa moshi.

"Wewe Mzee, gari huliangalii?" meneja akafoka, wapita njia wakisikia. "Unangoja utuue ndiyo ujue umezeeka?"

"Samahani, Bwana," akasema Mzee.

Nami nilikuwa nimekumbatia mafaili. Nikajifanya nayapanga.

Asubuhi yake meneja alinisomea barua ya kumwachisha Mzee kazi kwa uzembe. Niliipiga chapa mwenyewe, Baba, nakala tatu, bila kosa hata moja. Angeitia sahihi jioni. Mchana nikatumwa niandamane na Mzee kupeleka gari kwa fundi Singh, karibu na soko la Kibuye.

Nakueleza walivyofanya, uniambie kama ni sawa. Singh alipandisha gari kwa jeki. Gurudumu la kulia lilizunguka kwa kidole. La kushoto likakataa kwa mikono miwili. Alipofungua, pedi ya ndani ilikuwa imeisha mpaka chuma, ya nje bado nene. Kalipa, kile chuma kinachobana diski, ilikuwa imeganda: pini zake zimeshika kutu, na nyuma ya raba iliyopasuka kulikuwa na mchanga.

"Hii gari nani alipeleka kuogelea?" Singh akauliza. "Breki si samaki, bwana!"

Watu wa gereji wakacheka. Mzee akaniangalia, halafu akaangalia chini.

Singh alisugua pini kwa msasa akazipaka grisi, akatia pistoni na raba mpya, na pedi mpya magurudumu yote mawili ya mbele. Ikabaki kutoa hewa kwenye mafuta ya breki. Hapo akaitwa na mteja mwingine, akamwachia Mzee spana. Mimi nikakaa kwenye kiti cha dereva nikanyage breki, Mzee amechutama kwenye gurudumu, simwoni.

"Kanyaga. Shikilia. Haya, achia."

Mara nyingi hivyo. Mwishowe nikasema, nikitazama kioo cha mbele, "Mzee, ni mimi niliyeliingiza ziwani."

"Usiachie! Hewa itaingia." Nikasikia spana ikizunguka. "Haya, achia. Najua, omera, ndugu yangu. Nilipanda nikakuta kiti kimevutwa mbele, magoti yanagonga usukani. Pale ofisini mwenye miguu mifupi ni nani?"

"Mbona hukumwambia meneja?"

"Nilingoja useme wewe. Mdomo ni wako. Kanyaga."

Tulirudi ofisini barua ikiwa bado mezani, haijatiwa sahihi. Nilieleza yote nimesimama, na nikalia, mtu mzima mwenye cheti. Meneja aliipasua ile ya Mzee, akaniamuru nipige nyingine yenye jina langu. Nimesimamishwa miezi miwili, kisha wataamua. Mzee hakuombwa radhi na meneja. Nilimwomba mimi, lakini yale maneno ya barabarani siwezi kuyarudisha.

Jana nilipokabidhi funguo za ofisi, Mzee alikuwa ndio anarudi kutoka Maseno. Akaniita kwenye gurudumu la kushoto. "Weka mkono. Mgongo, si kiganja." Lilikuwa na joto dogo tu, sawa na la kulia. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Nisalimie Mama, na Bibi mwenye macho mabovu, na dada Mkawasi mwalimu wa nasari, na shemeji fundi cherehani. Nitashuka Voi Jumamosi. Naomba usije stesheni na madereva wenzako. Nitatembea mpaka nyumbani, nikuambie haya tena kwa mdomo wangu.

Ni mimi mwanao, ninayekuonea haya,
Mwakio