Ukurasa Wangu mu Kaye ya Padiri

Bunia, 14 Mai 2009

Yaya Xavier, mukubwa wangu,

Siye tuko wazima, ila mvua imeharibu maharagi.

Padiri Katsuva alikufa juzi. Aliacha upadiri akasomea antropolojia, lakini siye tuliendelea kumuita padiri. Alipitaka mu vijiji, anaandika mambo watu waliona mu vita, anafundisha pande mbili kuikaa pamoja.

Dada yake alinipa kaye zake, yale madaftari alikuwa anaandikamo, nipange. Maneno ya kila mutu iko ndani. Penye jina langu iko tarehe tu, na ukurasa mweupe.

Siku ya ile tarehe nilimuelezea mambo ulifanya kule Kpandroma wakati wa vita. Aliweka biki yake ya kuandikia chini, akasikiliza sawa vile mu kitubio.

Kuja umulilie, yaya. Sasa ni mimi peke yangu niko najua.

Mudogo wako,
Kanyere